Ushahidi wa Uongo Juu ya Jirani Yetu Mwislamu



Kuna kauli mbili zilizozoeleka katika mikutano yetu, njiani tukitoka Misa, na hata katika mafundisho ya wanaojiandaa kwa Kipaimara. Ya kwanza husema kwamba Uislamu hauwezi kubadilika: ulivyokuwa katika karne ya saba ndivyo ulivyo leo, na ndivyo utakavyokuwa kesho. Ya pili husema kwamba Mwislamu anayeanza kuzungumza habari za kuitengeneza upya dini yake, mwisho wa safari yake ni msituni, pamoja na wale wanaochinja watu kule Beni na Ituri. Kauli hizi zinapingana, kwa maana kitu kisichoweza kubadilika hakiwezi tena kubadilika na kuwa kibaya zaidi. Lakini husemwa na watu wale wale, pengine katika mazungumzo hayo hayo, na hakuna anayeshtuka.

Tunaandika ili kuzipinga zote mbili. Hatuandiki kwa ajili ya adabu tu, wala kwa sababu imekuwa desturi kusema maneno matamu juu ya dini za wengine. Tunaandika kwa sababu kauli hizo si kweli. Amri ya nane inayotukataza ushahidi wa uongo haikuweka mpaka kwamba jirani anayelindwa nayo ni yule tu anayebatizwa parokiani kwetu.

Tuanze na pale penye maumivu, ili asiwepo wa kutuambia kwamba tunazungumza kama watu wasiojua nchi yao. Tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katikati ya ibada ya Wapentekoste huko Kasindi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waamini Wakatoliki waliokuwa wakikesha katika sala huko Komanda, Ituri, walivamiwa, na watu zaidi ya 40 wakauawa. Waliofanya hayo ni wapiganaji wa kundi la ADF, nao huua huku wakilitaja jina la Mungu. Anayesema kwamba mambo hayo hayahusiani kabisa na dini hasemi kweli, nasi hatutasema hivyo. Kundi hilo lilianza miongoni mwa vijana wa Uganda katika miaka ya 1990, chini ya Jamil Mukulu, likaingia kwetu upande wa milima ya Ruwenzori. Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Aliyemfuata, Musa Baluku, akaliambatanisha kundi na wale wanaojiita Dola la Kiislamu.

Lakini ukweli una upande wa pili, na upande huo hatuutaji. Jioni ya tarehe 1 Mei 2021, katika mwezi wa Ramadani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi na kufa ndani ya msikiti mjini Beni, wakati wa sala. Alikuwa anajulikana kwa mahubiri yake ya kuwapinga wauaji hao waziwazi. Kabla mwezi wa Mei haujaisha, kiongozi mwingine wa Waislamu akauawa karibu na mji huo. Tunawauliza vijana wetu: ni wangapi kati yenu mnaolijua jina la Jamil Mukulu, na ni wangapi mnaolijua jina la Sheikh Ali Amini? Tukikumbuka jina la muuaji na kumsahau aliyeuawa kwa kumpinga, tumekwisha kuchagua ni nani atakayeuwakilisha Uislamu mbele ya macho yetu. Na tumemchagua yule yule ambaye wauaji wangependa tumchague, kwa maana faida yao kubwa ni kuaminiwa wanaposema kwamba wao ndio Uislamu.

Sasa tuitazame kauli ya kwanza, ile ya dini isiyobadilika.

Jambo tunaloliita mageuzi, Waislamu huliita kwa Kiarabu islah, maana yake kukitengeneza kilichoharibika na kuwapatanisha waliogombana. Neno hilo si geni kwetu hata kidogo. Mzizi wake ndio uliotupatia suluhu, kusuluhisha na maslahi, maneno tunayoyatumia kila siku katika baraza za wazee na katika shirika zetu. Anayedai kwamba Uislamu haujui mageuzi anakosana hata na kamusi ya lugha anayosalia.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanachuoni wa Misri aitwaye Muhammad Abduh, aliyezaliwa mwaka 1849, alifundisha kwamba akili na imani havina ugomvi, na kwamba Mwislamu anapaswa kuvirudia vyanzo vya dini yake na kuvisoma kwa akili yake, badala ya kurudia tu yaliyosemwa na wafasiri wa zamani. Mwaka 1899 alifanywa Mufti wa Misri. Mwaka 1903 swali lilimfikia kutoka Transvaal, Afrika Kusini, kwa Waislamu wanaoishi katikati ya Wakristo: je, wanaruhusiwa kuvaa kofia za Kizungu, na kula nyama ya mnyama aliyechinjwa na Wakristo? Abduh akajibu kwamba wanaruhusiwa. Wengi walimpinga kwa ukali, na hata leo si Waislamu wote wanaoikubali fatwa hiyo. Lakini tazameni: swali la nani amechinja, ambalo huleta minong’ono katika karamu za arusi hapa Kalemie, lilikwisha kujadiliwa miongoni mwa Waislamu wenyewe zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyelijadili alikuwa mkuu wa fatwa wa nchi nzima.

Mawazo ya Abduh yalisafiri kwa gazeti. Mwanafunzi wake, Rashid Rida, alianzisha mjini Kairo mwaka 1898 jarida lililoitwa al-Manar, nalo likafika hata pwani ya Afrika Mashariki. Mmoja wa waliolisoma alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891. Huyu ndiye ambaye kila kijana wetu angepaswa kumjua, kwa sababu hakuandika kwa Kiarabu cha wanachuoni peke yao. Aliandika kwa Kiswahili, ili muuza samaki na fundi seremala wasome. Mwaka 1930 alitoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 gazeti aliloliita kwa neno lile lile tulilolieleza: Al-Islah. Aliwakemea Waislamu wenzake kwa uvivu, kwa kutupa mali katika arusi na matanga, kwa ushirikina, na kwa kumwiga Mzungu mavazi huku wakiiacha elimu yake. Alitaka watoto wafundishwe, na wasichana wasiachwe nyuma. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, akaja kuwa mmoja wa wanazuoni wa Afrika waliojulikana duniani kote.

Someni tena orodha ya makemeo yake: uvivu, gharama za matanga, ushirikina, kuiga bila kujifunza. Je, si hayo hayo tunayoyasikia katika mahubiri ya Kwaresima? Mtu wa namna hii hakutoka katika dini iliyoganda.

Baada yake alifuata mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968. Mwaka 1969 ilichapwa tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili, pamoja na maelezo. Na hapo historia inatugusa sisi Wakristo, kwa maana Farsy hakuwa wa kwanza. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeifanya alikuwa padri wa Kianglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale, ambaye alitaka walimu Wakristo wakijue kitabu cha wale wanaobishana nao. Mwaka 1953 ikafuata tafsiri ya Waahmadiyya, ambao Waislamu wengi hawakubali mafundisho yao. Kwa hiyo Farsy alikuwa akiwajibu Mkristo na Mwahmadiyya kwa pamoja, na zaidi ya hayo alikuwa akiwaambia Waislamu wenzake kwamba haitoshi kukariri maneno usiyoyaelewa. Mabishano hayo yote yaliendeshwa kwa Kiswahili. Sisi tunaojivunia Kiswahili chetu tutajiteteaje tukiulizwa kwa nini hatukusoma hata ukurasa mmoja?

Hapa mpinzani wetu atasimama na kusema: “Vema, lakini si hao waliokuja kushinda. Walioshinda ni wakali.” Hoja hii ina uzito, nasi hatutaikwepa.

Ni kweli kwamba mageuzi katika Uislamu hayana njia moja. Kusema “turudi kwenye vyanzo” kunaweza kufungua mlango au kuufunga. Rida mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, aliegemea upande wa Wawahabi wa Arabuni kuliko mwalimu wake. Mwaka 1928 Hassan al-Banna alianzisha huko Misri chama cha Ndugu Waislamu, na hapo mageuzi yakaingia katika siasa. Tangu mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Madina kimewapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi, zikiwamo za kwetu Afrika Mashariki, na wengi wao walirudi nyumbani wakiwa wakali dhidi ya maulidi, hitima na dhikri za tarika. Pembeni kabisa wapo wanaowatangaza Waislamu wenzao kuwa makafiri, jambo liitwalo takfiri, kisha wakahalalisha damu yao. Njia hiyo ndiyo iliyofika Beni.

Lakini kutoka kijana anayekataa maulidi mpaka kijana anayebeba panga kuna mwendo mrefu, na walio wengi hawauendi kamwe. Kwetu pia wako vijana wa vikundi vya sala ambao hawataki ngoma katika matanga, hawagusi pombe, na humlaumu hata padri kwamba amelegea. Twaweza kubishana nao, na mara nyingine ni lazima. Lakini hakuna anayewaita wauaji kwa sababu wanasali kwa muda mrefu. Kwa nini basi Mwislamu mwenye ndevu na kanzu fupi ahukumiwe kwa kanzu yake? Tumtazame kwa matendo yake, kama tunavyotaka kutazamwa sisi.

Na tukumbuke historia ya Kanisa letu kabla ya kuwacheka wengine kwamba wanabishana. Mwaka 1864 Papa Pius wa Tisa alitoa orodha ya makosa ya wakati wake, na humo dai la watu la kufuata dini yoyote kwa uhuru lilihesabiwa miongoni mwa makosa. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba uhuru wa dini ni haki ya kila mtu, kwa sababu ya hadhi yake. Kati ya tamko moja na jingine kuna miaka 101. Kanisa halikuacha imani yake katika miaka hiyo. Lilikua katika kuielewa, kwa mabishano makali, na wapo walioondoka kwa hasira. Hapa Kongo, Misa yenye mwendo wetu, ngoma zetu na kuwataja wahenga wetu ilikubaliwa na Roma mwaka 1988, baada ya miaka mingi ya kuomba na kusubiri. Sisi tuliopewa muda huo wote na Mungu, kwa haki gani tunamwambia jirani kwamba muda wake umekwisha?

Tunajua kwa nini maneno haya ni magumu kuyapokea hapa kwetu kuliko mahali pengine. Pwani hii ya ziwa ina kumbukumbu yake. Misafara ya watumwa ilivuka maji haya kwenda Ujiji, na wazee wetu walihamishwa na vita vya wafanyabiashara kama Rumaliza. Mpala palikuwa kimbilio tangu Mapadri Weupe walipopapokea mwaka 1885, na Kapteni Joubert aliwalinda watu kwa bunduki. Historia hiyo ni ya kweli, wala hatutaki isahauliwe. Lakini misafara hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Kiswahili, ambacho leo ni lugha ya katekisimu yetu. Na yule Mwislamu anayeuza vitambaa sokoni hakumfunga mtu yeyote mnyororo. Huenda babu yake alikuwa mmoja wa waliofungwa. Huwezi kumdai mjukuu deni la mfanyabiashara aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ukamwachia mwenyewe kazi ya kuthibitisha kwamba hana hatia.

Mtaguso ule ule, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, uliyajua magomvi ya karne nyingi, ukatutaka tuyaweke nyuma na kujitahidi kuelewana kwa moyo mnyofu. Tarehe 4 Februari 2019, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb, walitia sahihi pamoja huko Abu Dhabi hati ya udugu wa wanadamu. Al-Azhar ndicho chuo alichosoma na kufundisha Abduh. Na mwaka 2016, wanachuoni wa Kiislamu kutoka nchi nyingi walikutana Marrakesh, wakatangaza kwamba si halali kuitumia dini kuwanyang’anya haki watu wa dini nyingine wanaoishi katika nchi za Waislamu. Anayesema kwamba hakuna Mwislamu anayesema wazi, ajiulize kama amewahi kusikiliza.

Kuheshimu si kunyamaza. Tunaamini kwamba Yezu Kristo ni Mwana wa Mungu, alikufa na kufufuka. Ndugu zetu Waislamu hawaamini hivyo, na hakuna hati itakayoifuta tofauti hiyo. Tena yapo mambo ambayo tunawadai bila kificho. Yako mahali ambapo Mwislamu anayeomba ubatizo hufukuzwa na jamaa zake, na ziko nchi ambazo sheria humtisha kwa kifo. Hati nzuri zilizotiwa sahihi mijini hazijafika kila msikiti, kama ambavyo hati za Mtaguso hazijafika kila jumuiya yetu. Hayo tuyaseme mbele yao, kwa upole na heshima ambayo Mtume Petro anatuagiza tunapoitetea imani yetu. Tusiyaseme nyuma ya migongo yao.

Tunachokataa ni njia nyingine, ile ya mihadhara ya kushindana. Tangu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini alipoijulisha duniani, imeenea Tanzania, na sasa inavuka ziwa kila siku kwa simu zenu: mtu ana Biblia mkono huu na Kurani mkono ule, umati unapiga makofi, na aliyeshindwa anazomewa. Baadhi yenu mmeanza kuwajibu kwa mtindo huo huo, mkitafuta aya za kumwaibisha mtu mnayekaa naye dawati moja. Hakuna aliyewahi kumpenda Mungu zaidi kwa sababu alizomewa. Dale alitafsiri kitabu kizima ili aweze kubishana. Ninyi mnabishana kwa kipande cha dakika mbili. Kama ni lazima kubishana, basi kwanza someni kama Dale.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu kwa kila kikundi cha vijana katika parokia zetu. Kwanza, mtu asifundishe habari za Uislamu katika mkutano kabla ya kusoma jambo lolote lililoandikwa na Mwislamu mwenyewe. Kiswahili kimejaa maandishi hayo. Pili, tunapowaombea waliouawa Beni, Kasindi na Komanda, tumtaje pia Sheikh Ali Amini na Waislamu wengine waliouawa na mikono hiyo hiyo, kwa kuwa damu yao imelia kutoka katika ardhi hiyo hiyo. Tatu, anaposingiziwa Mwislamu ambaye hayupo, mmoja wetu aseme “hapana”, hata kama atachekwa. Katika mfano wa Yezu, aliyefanya haki barabarani alikuwa Msamaria, mtu wa imani iliyodharauliwa. Itakuwa aibu kama siku ya hukumu tutakuta kwamba Msamaria wa mtaa wetu alikuwa ni Mwislamu, nasi tulikuwa upande wa pili wa njia, tukieleza kwa nini dini yake haiwezi kubadilika.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

Ni jambo gani tunalolisema juu ya Waislamu wa mtaa wetu ambalo hatukulipata kwao wenyewe?

Ni nani katika Kalemie, awe Mkristo au Mwislamu, ambaye amesema ukweli kwa watu wa dini yake na akachukiwa kwa ajili hiyo? Tulimsaidiaje?

Kama Mwislamu angetuhukumu kwa tendo baya kuliko yote lililowahi kutendwa na Mkristo, tungemjibu nini? Je, tuko tayari kulipokea jibu hilo kutoka kwake?